Foleni ya Kuchapa: Juu ya Maneno ya Kiswahili katika Kompyuta ya Watu Wengi

Mahali ambapo watu arobaini wanatumia mtambo mmoja wa kompyuta na printa mbili tu, hapana budi pawepo sheria ya nani atangulie na nani angoje. Sheria hiyo hutungwa na waundaji wa programu, lakini karani aliyeketi mbele ya kioo haioni sheria yenyewe. Huona maneno tu. Maneno yakiwa na maana mbili, karani hatambui kama hati yake inangoja, imekataliwa, au imepotea. Kwa sababu hiyo maneno ya Kiswahili yanayohusu kazi ya kuchapa yastahili kupimwa kwa ukali zaidi kuliko yalivyopimwa hadi sasa.

Tanzania haikuanza mapema kuyahitaji. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku, na marufuku hayo yalilegezwa kidogo kidogo katika miaka ya 1980. Mradi wa Kilinux, uliofanywa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu ya ofisi iliyoitwa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Huo ulikuwa mwanzo mwema. Hata hivyo, aandikaye barua huhitaji maneno machache tu ya kuchapa, naye msimamizi wa mtambo huhitaji mengi, na tofauti ndogo baina yao ndizo zinazomwokoa au kumwangusha. Amri zake za kale, kama lpr ya kupeleka hati, lpq ya kutazama foleni, na lprm ya kuondoa hati, zimebaki vifupisho vya kigeni, na hakuna ubaya. Amri ni kama alama ya fundi. Swali ni kwamba msimamizi atamweleza mwenzake kwa maneno gani jambo alilolifanya kwa amri hizo.

Neno la kwanza kupimwa ni foleni. Wako wanaolikataa kwa kuwa lilitokana na amri ya askari wa Kiingereza ya kujipanga mstari, nao hupendekeza mlolongo, msururu au safu. Hoja hiyo ya asili haina uzito. Lugha ambayo imepokea chapa kutoka India, na kwa neno hilo ikaendesha magazeti tangu Msimulizi wa Kiungani mwaka 1888, haiwezi leo kuona haya kwa foleni. La kuulizwa ni kama neno limepata mizizi, na mizizi ya neno ni vitenzi vinavyoandamana nalo.

Ushahidi mzuri wapatikana Vigwaza, katika wilaya ya Bagamoyo, kwenye barabara kuu ya Morogoro baina ya Mlandizi na Chalinze, penye mizani ya malori. Lori lenye ekseli saba haliruhusiwi kupita tani 56 pamoja na mzigo wake, kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019. Kwa hiyo kila dereva wa gari zito hana budi kuijua mizani, na kuijua mizani ni kuijua foleni. Madereva hupanga foleni, hukaa foleni, hutoka kwenye foleni, na yule anayejiingiza mbele ya wenzake husemwa kuwa amechomekea. Mlolongo hauna vitenzi hivi. Mtu huuona mlolongo wa malori akiwa mbali, kwa jicho la mpita njia. Aliyemo ndani yake husema yumo kwenye foleni. Safu nayo ni ya askari au ya milima, na haina fikra ya kungoja. Foleni peke yake ina mlango wa mbele, mlango wa nyuma, na haki ya aliyetangulia.

Zamu ndilo neno linaloshindana na foleni kwa nguvu zaidi, na wapo walimu wanaolipenda kwa kuwa ni la siku nyingi. Lakini zamu ni wakati wa mtu, si mahali pake. Tena lina kazi nyingine ambayo mtambo wa kompyuta unaihitaji sana. Katika mitambo ya ukoo wa Unix ipo programu isiyoonekana, inayokesha usiku na mchana ikingoja hati ziletwe, izipeleke kwa printa. Mafundi wa Marekani waliipa jina la pepo katika miaka ya 1960, kwa kukumbuka kiumbe wa kufikirika wa mwanafizikia Maxwell. Pepo huyo hafai kuhamia pwani, kwani msomaji wa Kiswahili atamtafutia mganga. Mshika zamu ndilo jina lake la haki: hulala wenzake wakiwa macho? La, hukesha wenzake wakilala, na huitika aitwapo. Zamu ikiachwa kwa huyo, mahali pa hati katika foleni paitwe nafasi. Orodha ya lpq huonyesha nafasi ya hati, mwenyewe, namba yake, jina la faili na ukubwa wake. Nafasi hubadilika kila hati ya mbele inapotoka, namba haibadiliki. Wanaoziita zote mbili "namba ya zamu" huwafanya watumiaji wagombane bure.

Mahali zinapowekwa hati zinazongoja huitwa kwa Kiingereza jina la kibiringo cha uzi. Kulifasiri kwa sura hiyo hakumsaidii yeyote. Hati hufika, huandikishwa, hulazwa katika saraka yake, na hutolewa printa ikiwa tayari: hiyo ni bohari, na kila mfanyakazi wa ofisi anajua bohari ni nini.

Sasa lafuata jambo lenye hatari kubwa. Mfumo wa CUPS, uliotolewa kwa umma mwaka 1999 na ambao leo unaongoza uchapaji katika kompyuta nyingi za Linux na za Apple, hutenganisha mambo mawili ambayo ulimi wa kawaida huyachanganya. Msimamizi aweza kuisimamisha printa isitoe karatasi, huku foleni ikiendelea kupokea hati mpya. Au aweza kuikataza foleni isipokee hati mpya, huku printa ikiendelea kuzichapa zilizokwisha kuingia. Kila tendo lina amri yake, na madhara ya moja ni kinyume cha madhara ya jingine. Kiswahili cha ofisini husema kwa yote mawili: "Printa imefungwa."

Matokeo yake si madogo. Fikiri ofisi ya mitihani ambayo printa yake yataka kubadilishwa wino. Msimamizi wa asubuhi anaisimamisha printa, anamwandikia wa jioni kwamba ameifunga, na anaondoka. Wa jioni anaelewa kwamba foleni haipokei, hivyo haoni haja ya kuwaonya walimu. Walimu wanapeleka mitihani, na mitambo yao inawajibu kwamba imepokelewa. Wengine, kwa kutoona karatasi, wanapeleka tena na tena. Printa ikifunguliwa usiku, nakala zote zinatoka pamoja, karatasi za mtihani zinalala juu ya trei katika chumba kisicho na mtu, na siri imevuja bila mwizi. Kosa halikuwa la mashine wala la mtu mvivu. Kitenzi kimoja kilibebeshwa mizigo miwili.

Madereva wa Vigwaza hawafanyi kosa hili. Mizani ikisimama, wao husema mizani imesimama, na malori huzidi kujipanga nyuma. Barabara ikizuiwa kule nyuma, wao husema njia imefungwa, na walio mbele huendelea kupimwa. Hapo yapatikana mgawanyo uliokwisha kukubaliwa na watu: printa husimama, foleni hufungwa. Kitenzi funga kisitumiwe kamwe kwa printa. Hata kundi la printa kadhaa zinazolishwa na foleni moja, ambapo hati huenda kwa ile iliyo huru kwanza, laeleweka upesi kwa mtu aliyeona malori ya mstari mmoja yakigawanywa kwenye mizani mbili.

Kuhusu kupanga nani atangulie, mfumo huo huipa kila hati daraja kati ya 1 na 100, na isiyopangiwa hupewa 50. Mafundi vijana husema msimamizi "amechomekea" hati ya mkuu. Neno lina uhai, lakini lina lawama ndani yake: achomekeaye amevunja haki. Msimamizi aliyepewa mamlaka hutanguliza. Lugha ibaki na maneno yote mawili, ili ofisi iweze kusema lipi limetendeka.

Ugumu mwingine umo katika neno kazi. Wafasiri wengi huiita hati iliyomo kwenye foleni "kazi", kwa kufuata Kiingereza, na kwa "kuiondoa" huandika "futa". Yakikutana, karani anasoma kwenye kioo: "Kazi yako imefutwa." Kwa Kiswahili cha nchi nzima sentensi hiyo ina maana moja tu, nayo huletwa kwa barua yenye muhuri. "Kazi yako imesimamishwa" haimtulizi hata kidogo. Mzaha kando, futa lina ubaya wa pili: humtia mtu hofu kwamba faili lake limefutwa katika kompyuta, ilhali kilichoondoka ni nakala iliyokuwa bohari tu. Yafaa kusemwa hati imeondolewa kwenye foleni. Ni kweli kwamba hati moja yaweza kupelekwa mara tatu, na kila safari ikahesabiwa peke yake. Neno hati halionyeshi hilo, lakini namba yaonyesha.

Ghairi limependekezwa pia, na ni neno zuri likitumiwa kwa mtu wake. Kughairi ni kubadili nia, na nia haibadilishwi na mwingine. Mwenye hati akiitoa kabla haijachapwa, ameghairi. Msimamizi akiitoa hati ya mtu, hakughairi, ameondoa. Mitambo ya watu wengi huweka mpaka huohuo: mtumiaji wa kawaida huruhusiwa kugusa hati zake, msimamizi hugusa za wote. Ni nadra sheria ya mashine na sarufi ya Kiswahili kupatana hivyo, na mfasiri atakayeipuuza nafasi hii atakuwa amejinyima.

Juu ya chapa na chapisha maneno machache yatosha. Kuchapa ni kutia maandishi karatasini, kuchapisha ni kutoa kitabu au habari kwa umma. Programu zinazoandika "chapisha" kwa yote mawili zinamwekea mtu mtego, kwa kuwa anayetaka nakala moja ya barua ya siri aweza kuitangaza kwa dunia. Mpigachapa Mkuu wa Serikali hajawahi kuitwa mchapishaji kwa kosa hilo.

Basi mashine yenyewe iitwe printa au kichapishi? Kichapishi kimeundwa kwa kanuni, ingawa kimebeba ile -ish- isiyotakiwa. Lakini hoja kubwa zaidi i katika upatanisho. Waundaji wa programu hupenda kutunga ujumbe wenye pengo, kisha mashine ikalijaza kwa jina lolote. Kiingereza huvumilia jambo hilo, kwani kitenzi chake hakiulizi ngeli ya nomino. Kiswahili huuliza. Printa imesimama, foleni imesimama, hati imesimama, karatasi imekwama: zote zi katika ngeli moja, na kiambishi kimoja chazitosha. Kichapishi kikiingia, pengo linavunjika, na ujumbe unasema "kichapishi imesimama" kama mgeni wa juzi. Hata idadi hugeuka: Kiingereza hubadili nomino, Kiswahili huiacha hati vilevile na kubadili kitenzi, hati 1 inangoja, hati 3 zinangoja, hivyo mfasiri aliyepewa nomino peke yake aifasiri hawezi kupata jibu sahihi.

Uvivu wa waundaji wa programu usiwe ndio unaotuchagulia msamiati. Lakini watu walikwisha kuchagua printa madukani na maofisini, kama walivyochagua kompyuta na kuziacha ngamizi na tarakilishi kwa walimu, na sarufi imesimama upande wao. Pengo lenyewe halitazibika kwa hila hiyo hata hivyo. Wino haukubali: wino umekwisha, na hakuna njia ya kuusemesha vingine, kwa huo ujumbe kamili lazima uandikwe peke yake, na mtu ajuaye Kiswahili.