Kuivizia Hitilafu

Kompyuta iliyokufa kabisa haimtoi fundi jasho. Anabonyeza swichi, haiwaki. Anafuata umeme unakoingia mpaka pale unapoishia, anapata palipokatika, kazi imekwisha. Inayomtoa jasho ni ile inayowaka vizuri, inayofungua Windows bila kusita, inayoonyesha filamu mchana kutwa, halafu katikati ya mechi, wenzako wakikutegemea, skrini inakuwa nyeusi na mashine inajiwasha upya kana kwamba hakuna lililotokea. Ukiifikisha mezani kwa fundi, inatulia tuli. Hitilafu ya aina hiyo haionekani kwa kutazama. Inabidi kuivizia.

Nimepata kukaa pembeni ya mafundi wanaoijua kazi hii, na kwa macho ya mpita njia hawafanyi lolote. Mashine imefunguliwa ubavu, feni zinazunguka, namba zinapanda na kushuka kwenye skrini, fundi anakunywa chai. Lakini akiwa amekaa hivyo anafanya jambo gumu kuliko yote katika ufundi wa kompyuta: anailazimisha hitilafu ya bahati nasibu ije kila anapoiita. Mpaka afike hapo hagusi bisibisi kwa nia ya kubadilisha kitu, kwa sababu hana njia ya kujua kama alichobadilisha ndicho kilichosaidia.

Mteja, kwa upande wake, huja na hukumu tayari.

“Fundi, kadi ya grafiki imekufa. Nitafutie nyingine.”

“Imekufa, au inazimika?”

“Inazimika. Nikiingia kwenye gemu tu.”

“Gemu gani, kaka? Na ikizimika, sauti inakatika nayo au inaendelea?”

Mteja huona maswali haya kama ya kupoteza muda. Kumbe foleni ya washukiwa inapangwa hapo. Mashine inayokata sauti na picha kwa mpigo mmoja na kujiwasha yenyewe humfanya fundi aanze na pawa saplai. Picha ikipotea huku rafiki bado anasikika kwenye hedifoni, na feni za kadi zimeanza kuvuma kwa nguvu, shaka inahamia kwenye kadi na waya zinazoilisha. Inayoleta skrini ya bluu yenye maelezo tofauti kila mara, leo hili kesho lile, na hata intaneti ikifunguliwa inajifunga, ina harufu ya ramu. Inayocheza vizuri kwa muda kisha ikaanguka, ikipumzishwa inacheza tena, huenda inazidiwa na joto. Hakuna dalili hata moja kati ya hizi iliyo ushahidi. Zinasema tu pa kuanzia.

Windows nayo ina daftari lake la matukio, na ndani yake baada ya kila kuzimika ghafla utakuta maandishi ya Kernel-Power, namba 41. Anayejifunza akiyaona hufurahi, neno la umeme si limo? Anakimbilia kununua pawa saplai mpya. Namba 41 husema jambo moja tu, kwamba mara iliyopita mashine haikuzimwa kwa utaratibu. Yaani inakuarifu habari uliyokuja nayo mwenyewe. Mzoefu anaivuka na kutafuta maandishi ya WHEA, ambayo hutokana na maunzi yenyewe kuripoti kwamba yamekosea. Hayo nayo anayasoma kwa tahadhari. Ujumbe wa kosa unafanana na tone la maji chini ya paa la bati: linadondokea sebuleni, lakini tundu liko juu ya chumba cha pili, na maji yametambaa juu ya boriti hadi kufika hapo. Anayeziba juu ya tone ataziba mwaka mzima.

Mfano mkubwa wa miaka ya karibuni ulitokea kwa prosesa za Intel za kizazi cha 13 na cha 14, zilizoingia sokoni Oktoba 2022 na Oktoba 2023. Wachezaji wenye mashine za bei mbaya, wengine wakiwa na kadi ya RTX 4090 yenye gigabaiti 24 za memori, walianza kupata ujumbe kwamba memori ya picha imekwisha. Gigabaiti 24, na gemu ndiyo kwanza inafunguka! Ujumbe ulitaja kadi, kwa hiyo watu wakahangaika na kadi: wakabadilisha draiva, wakafuta gemu na kuipakua upya, wengine wakabadilisha kadi yenyewe. Kadi zilikuwa nzima.

Waliokaribia ukweli mapema ni RAD Game Tools, watengenezaji wa Oodle, programu ya kubana na kufungua data inayotumiwa na gemu nyingi zilizojengwa kwa injini ya Unreal. Oodle ina tabia nzuri ya kukagua data inayoifungua. Prosesa ilipokosea hesabu, ukaguzi huo ndio uliogundua kwamba data imeharibika, na kwa kugundua huko Oodle ikabebeshwa lawama. RAD wakaeleza hadharani kwamba kosa halimo kwenye programu yao wala kwenye Unreal, limo kwenye maunzi, na wakatoa kipimo ambacho mtu angeweza kukifanya akiwa amekaa kwenye kiti chake: shusha kizidishi cha kasi ya viini vikubwa vya prosesa kutoka 55 hadi 53, kisha ujaribu tena. Hapo ndipo ufundi huu unaponipendeza mno. Hakuna kilichonunuliwa, hakuna nati iliyofunguliwa. Kasi imepungua kwa chini ya asilimia 4, mtumiaji hata haoni tofauti, na gemu iliyokuwa ikianguka mlangoni ikafunguka. Mshukiwa amejitaja mwenyewe.

Intel iliyabainisha mambo mwaka 2024. Julai ilisema kwamba maikrokodi, maelekezo yanayoishi ndani ya prosesa, yalikuwa yakiomba volteji kubwa kupita inavyofaa. Septemba ikaeleza kilichokuwa kikichakaa kwa volteji hiyo na joto: sakiti inayosambaza mapigo ya saa ndani ya viini. Sahihisho la 0x129, lililotoka Agosti, liliizuia prosesa isiombe zaidi ya volti 1.55, na kampuni ikaongeza dhamana kwa miaka 2. Sahihisho hilo huzuia uchakavu, haliurudishi nyuma. Prosesa iliyokwisha kuharibika ni ya kubadilishwa tu.

Zana za kazi hii nazo zina nasaba zao. Prime95 imetokana na mradi ulioanzishwa na George Woltman mwaka 1996 wa kutafuta namba tasa za Mersenne, ambazo kukagua moja tu huweza kuichukua kompyuta siku nyingi. Tarakimu moja ikikosewa njiani, kazi yote ni bure. Ndiyo maana programu hujikagua yenyewe huku ikihesabu. Mafundi wakagundua kwamba programu inayoishughulisha prosesa mpaka mwisho wa uwezo wake, na isiyosamehe kosa lolote, ndiyo wanayoihitaji wao. Nadhani wengi wanaoiwasha leo hawana habari na namba tasa. Mwaka 2016 watafutaji hao hao wa namba walizikamata prosesa za Skylake zikiganda katikati ya hesabu, na Intel ikakiri kosa na kulirekebisha kwa sasisho la bayosi.

Hata hivyo fundi mzuri haiamini Prime95 peke yake. Mzigo wake ni mzito lakini umetulia. Gemu haitulii: sekunde hii imepumzika kwenye menyu, sekunde ijayo mlipuko umejaa skrini, na umeme unaovutwa unapanda na kushuka mara nyingi mno kuliko jicho linavyoweza kufuata. Kadi kubwa za siku hizi huvuta kwa mishtuko mifupi inayozidi sana wati zilizoandikwa kwenye boksi. Ndiyo maana kanuni za ATX 3.0 za mwaka 2022 ziliitaka pawa saplai kubwa iweze kuvumilia mara mbili ya nguvu yake kwa mikrosekunde 100. Ya zamani, hata ikiwa nzima, inaweza kudhani kuna shoti na kujikata. Fundi hupima hilo kwa kuiwekea kadi ukomo wa nguvu wa asilimia 70 na kuwaacha watu wacheze. Ikitulia, anairudisha juu. Ikianguka tena, sasa ana jambo la kusema.

Ramu ina ibada yake. Kwanza inazimwa profaili ya kasi, ile XMP au EXPO, kwa maana kasi iliyoandikwa kwenye pakiti mara nyingi haifikiwi mpaka mashine isukumwe kupita kipimo chake cha kawaida. Kisha kijiti kimoja kinachomolewa, kilichobaki kinawekwa kwenye soketi inayotajwa na kitabu cha mazabodi, na MemTest86, programu ambayo Chris Brady aliianza mwaka 1994, inaachwa ifanye kazi usiku kucha. Asubuhi kuna jibu moja tu linalokubalika: makosa sifuri. Kosa moja si dogo. Kisha kijiti cha pili, soketi ya pili. Mara nyingi kazi huishia hapo, maana miguu ya kijiti ilikuwa na vumbi au hakikukaa vizuri, na kule kuchomoa na kurudisha tu kumetosha. Fundi mwaminifu huumizwa na ushindi wa namna hiyo, hajui kama ameponya au ameahirisha, kwa hiyo anaijaribu tena siku nyingine.

Penye vipuri vingi, njia ya mkato ni kubadilishana: toa chako, weka changu kizima, tuone. Dar es Salaam au Mombasa fundi hana rafu ya kadi za grafiki, na akiwa na moja nzima anailinda. Hapo ndipo unapomtambua anayejua. Kadi inayoshukiwa anaweza kuihamishia kwenye mashine yake ya majaribio. Pawa saplai inayoshukiwa haihamishi, kwa sababu ikiwa inatoa umeme mbovu itamuunguzia mashine nzima. Uelekeo wa kubadilishana una maana, na sijaona kitabu kinachousisitiza inavyostahili.

Na kuna kisa chetu cha kila siku. Kijana ananunua kompyuta ya ofisini iliyotumika Ulaya au Ghuba, imara, ya bei nafuu, kisha anaichomekea kadi ya gemu. Mashine nyingi za aina hiyo zina pawa saplai isiyofika wati 300, na hazina hata waya wa ziada wa kuilisha kadi. Soketi ya mazabodi hutoa wati 75, basi. Kadi kama GTX 1650 ya kawaida inaishi ndani ya kiwango hicho. Kubwa zaidi huunganishwa kwa adapta za kuungaunga, na mashine hiyo itazimika kila mara vita vinapopamba moto, huku mwenyewe akiapa kwamba aliuziwa kadi mbovu. Ongeza hapo soketi ya ukutani iliyolegea na ekstensheni inayogawanywa na jokofu. Nimemwona fundi akimaliza shauri la namna hii kwa kuomba tu mashine ichomekwe kwenye soketi nyingine, mbele ya mteja, bila kuifungua.

Tatizo ni malipo. Kwetu mtu hulipia kipuri, halipii kujua. Fundi aliyebadilisha kadi nzima kwa kubahatisha anaondoka na faida, na mwenzake aliyekesha na vipimo mpaka akagundua kwamba ni profaili ya ramu tu anaambiwa, “Kumbe hujafanya kitu.” Kwa hali hiyo wanaobahatisha wataongezeka.

Basi ukimpelekea fundi kompyuta yako, mweleze ulichobadilisha kabla haijaanza kuzimika, hata kama unaona aibu. Mwachie muda anaouomba, usimpigie simu kila saa. Na siku akikurudishia mashine inayocheza bila kukata, akakwambia hakuna kipya alichoweka, usimpunguzie hata shilingi.