Mashine ya Kikapu na Mteremko wa Mlalo

Nyumba za matofali ya udongo za Mlalo, nyingi zikiwa za ghorofa na zenye roshani za mbao, hazimwachi mwenyewe akapumzika. Mbao za roshani huoza kwa mvua za masika, mabati hulegea, na mkaratusi uliopandwa karibu na ukuta huanza kuegemea paa. Kwa kuwa mitambo iliyokwisha kutumika nje ya nchi inauzwa, mtu mwenye uwezo anaweza kushawishika kununua mashine ya kikapu, ile yenye mkono mrefu wa kumpandisha fundi juu, aitumie kwake miaka yote. Nasema asinunue. Kwenye milima ya Usambara, kinachoamua kazi ya mashine hii ni ardhi ya mahali inaposimama, wala si urefu wa mkono wake.

Mkono ukinyooshwa pembeni, uzito wa fundi na zana zake huivuta mashine yote ianguke upande huo. Ndiyo maana mashine za magurudumu hutengenezwa zifanye kazi mahali pa tambarare, na nyingi hupiga king'ora au kuzuia mkono usipande zikiinama kupita digrii 5 hivi. Kwenye kiwanja chenye mteremko wa digrii 20, magurudumu yaliyoachana mita 2 hutofautiana kimo kwa karibu sentimita 70. Zile za kuvutwa na gari zina miguu ya kusawazisha, lakini nayo ina kikomo, na udongo uliolowa hudidimia chini ya mguu mmoja kabla ya mingine. Kwa hiyo mwenye mashine atalazimika kwanza kuchimba na kushindilia uwanja, tena kila upande wa nyumba anaotaka kuufikia.

Jukwaa la mirunda, yaani la nguzo za miti, hufuata njia nyingine. Fundi huchimba kishimo kwa kila mrunda, akachagua mrefu kwa upande wa bondeni na mfupi kwa upande wa mlimani, kisha akafunga fito za kulala mpaka zikae sawa. Mirunda ya mshazari huzuia jukwaa lisiyumbe, na mbao za kukanyagia hupangwa juu yake. Mteremko unabaki ulivyo, na kazi ya kusawazisha inafanywa na urefu wa miti. Kazi ikiisha, mirunda hiyo huhamia upande wa pili au kwa jirani.

Watetezi wa mashine watasema majukwaa huua, na ni kweli. Kampuni ya JLG ya Marekani husimulia kwamba mwanzilishi wake, John L. Grove, alianza kuiwazia mashine hii baada ya ajali ya mafundi waliouawa na umeme wakiwa juu ya jukwaa. Lakini mkono wa chuma usio na kinga ukigusa waya wa umeme huua vilevile. Na mashine kuukuu ina hatari zake zilizojificha: ufa kwenye maungio, sili za haidroli zinazovuja, au kihisi cha mwinamo kilichozimwa na mmiliki wa kwanza ili kazi iende. Kugundua hayo kunahitaji mkaguzi mwenye ujuzi, na mafuta yanayovuja hayatangazi siku yatakayokishusha kikapu.

Wengine watasema kaya kadhaa zichange, gharama igawanyike. Kuchanga kunapunguza bei, ila hakusawazishi kiwanja cha mtu yeyote, na mtambo wa tani mbili au zaidi bado utahitaji kupandishwa kona za Mombo hadi Lushoto, kisha kupelekwa Mlalo. Taasisi yenye uwanja mpana wa tambarare na majengo mengi ina sababu ya kufikiria mashine hii. Kwa nyumba ya mtu binafsi, fedha hiyo inunue mirunda iliyonyooka, mbao nene za kukanyagia, kamba imara na mkanda wa usalama kwa kila fundi anayepanda, na umeme ukatwe kabla hajakaribia waya.