Mishono ya Katiba ya 1977

Fungua Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, ibara ya 10. Utakuta nambari na mabano tu: imefutwa na Sheria Na. 4 ya 1992. Hapo palikaa ibara ya enzi za chama kushika hatamu. Vyama vingi viliporudi, waandishi wa sheria waliiondoa, lakini hawakuisogeza ibara ya 11 ije kuziba pengo. Wangeisogeza, kila hukumu na kila sheria iliyokwisha kuitaja ingepotea njia.

Nawastahi sana watu hawa ambao majina yao hatuyajui. Hubezwa kwamba Katiba hii ni ya viraka, kwa kuwa ilibadilishwa mara 14 hadi kufikia 2005. Mwulize fundi cherehani kama kiraka ni kazi rahisi: uzi usivute kitambaa cha pembeni, nguo ivalike siku hiyohiyo. Muswada wa mabadiliko huagiza tu: futa maneno haya, weka haya. Anayeuandika sharti awe ameipitia Katiba nzima, maana neno likiguswa huku, kule kuna ibara tatu zinazoliegemea. Ibara mpya ikihitajika katikati, hupewa herufi. Ndivyo 113A, inayowakataza majaji na mahakimu kujiunga na vyama vya siasa, ilivyoingia bila kuisumbua 114.

Mshono mgumu kuliko yote ulikuwa wa 1984. Mabadiliko ya Tano yaliingiza haki za binadamu ndani ya Katiba, ila mahakama zikasubirishwa hadi Machi 1988 ndipo zianze kuzisimamia, ili serikali ipate nafasi ya kurekebisha sheria zilizogongana nazo. Kwa aliyekuwa kizuizini miaka hiyo ilikuwa mirefu mno, na sitaitetea. Maneno yenyewe yaliandikwa vizuri, na hadi leo mwananchi huyashika mkononi anapokwenda Mahakama Kuu.

Ibara ya 98 nayo imefungwa fundo kwa makusudi. Kwa mambo mazito ya Muungano, theluthi mbili ya wabunge wote wa Bara haitoshi. Lazima ipatikane pia theluthi mbili ya wabunge wote wa Zanzibar, kila upande ukihesabiwa peke yake.

Katiba Inayopendekezwa ya 2014 haikufikishwa kwenye kura ya maoni. Nchi inaongozwa na hii ya 1977, na ibara yake ya 10 ingali tupu.