Kushoto kwa Nani?

Msafiri atokaye Ruiru kwenda Thika huuona mlima wa Kilimambogo upande wa mkono wake wa kuume. Arudipo Ruiru kwa barabara ile ile, huuona upande wa kushoto. Mlima haukuhama, kilichogeuka ni mwili wa msafiri. Basi mgeni akiuliza njia, aweza kujibiwa kwa namna mbili. Mmoja atamwambia, "Pinda kushoto." Mwingine atamwambia, "Fuata upande wa mlima." Jibu la kwanza hupimwa kwa mwili wa mwendaji, la pili hupimwa kwa nchi yenyewe.

Tofauti hiyo ndiyo asili ya hitilafu kubwa katika michezo ya video ya kulenga shabaha, ile ambayo mchezaji huutazama uwanja kutoka juu kama mwewe atazamavyo shamba. Vijana wanaoicheza, Thika na kwingineko, hubishana sana juu ya picha na sauti zake. Ni wachache waulizao swali lililo kubwa zaidi: nikiamuru kushoto, ni kushoto kwangu, ama ni kushoto kwa yule ninayemwongoza?

Mchezo wa Asteroids, uliotolewa na kampuni ya Atari ya Marekani mwaka 1979, ulifuata kipimo cha mwili. Kitufe kimoja hukigeuza chombo kushoto kwake, kingine kulia kwake, na cha tatu hukisukuma mbele, po pote kielekeapo. Pua ya chombo ikielekea chini, kulia kwa chombo ni kushoto kwa mchezaji. Tena chombo hakisimami mara msukumo ukatwapo. Huendelea kuelea, na atakaye kukizuia upesi hana budi kukigeuza na kukisukuma kinyume.

Mchezo wa Robotron: 2084, uliobuniwa na Eugene Jarvis na Larry DeMar na kutolewa na kampuni ya Williams mwaka 1982, ulifuata kipimo cha uwanja. Una vijiti viwili: cha kushoto humwendesha mtu, cha kulia hupiga risasi, na kila kimoja huelekea pande nane. Kijiti kikisukumwa juu, mtu huenda juu ya skrini, bila kujali alikuwa akielekea wapi. Hivyo aweza kukimbilia upande huu huku akipiga upande ule.

Wako wasemao kwamba kipimo cha mwili ni kosa la zamani lililosahihishwa na vijiti viwili. Mimi sikubali. Katika Asteroids, mawe si adui wa pekee. Haraka ya mchezaji mwenyewe ni adui pia. Asukumaye chombo bila kufikiri atajikuta akibebwa na mwendo alioutaka yeye mwenyewe. Ondoa ugumu huo, na mchezo utabaki bila kiini. Robotron una jambo jingine. Maroboti humjia mtu kwa wingi kutoka pande zote. Kama angelazimika kugeuka kwanza ndipo aende, angekufa kabla ya kuamua lo lote, na kufa bila kukosea hakumfundishi mtu kitu. Wahenga walisema kwamba mshika mbili moja humponyoka. Mchezo huu humjaribu mchezaji papo hapo penye methali hiyo.

Basi mwenye kuchagua aulize kwanza: ugumu wa mchezo umekusudiwa kuwa wapi? Ukiwa katika kukitawala chombo, kipimo cha mwili chafaa. Ukiwa katika wingi wa maadui, kipimo cha uwanja ndicho cha haki.

Kwa sababu hiyo nalaumu michezo mingi ya simu iliyoazima vijiti viwili na kuvichora juu ya kioo. Kioo hakina ukingo ambao kidole gumba chaweza kuuhisi. Gumba huteleza lisipotakiwa, na hufunika sehemu ya uwanja ambamo adui amejificha. Ugumu huo haukukusudiwa na mtu. Umeingia kwa uvivu wa kuiga. Archero, mchezo wa simu wa mwaka 2019, ulifanya vizuri zaidi. Gumba moja tu humwendesha mpiga mishale, na mishale hutoka yenyewe asimamapo. Kwa hiyo kila mara mchezaji huchagua kati ya kukimbia na kupigana. Upungufu wa kioo umegeuzwa kuwa swali jema.

Nawe msomaji, siku utakaposhindwa, usikimbilie kujilaumu wala kuulaumu mchezo. Jiulize kama ulipinda pasipofaa, ama kama ulielekezwa kwa mkono mahali ulipohitaji kuonyeshwa mlima. Kosa likiwa lako, rudia. Mchezo huo ni wa haki. Likiwa la aliyekuelekeza, una haki ya kusema, na ya kueleza kwa nini.