Ramani Isiyojua Njia
Wanafunzi wangu wameanza filamu kuhusu ramani na safari, Kisii hadi Nyamira. Mswada nimeusoma. Picha ya kwanza ni mstari mwekundu unaokata mji wa Keroka, msimulizi anatamka, "Huu ndio mpaka." Hapo nikakunja uso. Neno ramani tumelipata kwa mabaharia, na asili yake ni Kiajemi, rahnama: kionyesha njia. Yaani pa kupitia, jamani, si pa kukomea tu! Na yule mama wa ndizi wa Keroka, mji ambao kaunti mbili zimegombania ushuru wake, huvuka mstari huo mara ngapi kabla ya saa nne asubuhi? Mswada haumtaji popote. Mfuateni yeye kwanza; mstari mtauchora baadaye.