Lori la 1981 na Bajaji ya 2023

Kuna sekunde chache katika filamu ya kwanza ya Indiana Jones, ile ya mwaka 1981, ambazo nimezirudia mpaka nazijua kama njia ya kwetu. Indy ametupwa nje ya lori kupitia kioo cha mbele, ananing'inia kwenye boneti, na lori linakimbia. Mkono wake unaishika nembo ya chuma iliyosimama mbele ya gari. Nembo inapinda. Haing'oki papo hapo. Inapinda taratibu, na sisi tunaachiwa nafasi ya kuitazama ikipinda, ndipo inabaki mkononi. Anadaka vyuma vya wavu wa mbele, navyo vinaanza kuachia kimoja baada ya kingine. Hana tena cha kushika. Anajishusha chini ya lori, anapita kati ya magurudumu, anatokea nyuma akiburutwa kwa mjeledi wake mwenyewe, kisha anaanza kupanda upya.

Aliyepita chini ya lori hakuwa Harrison Ford, mwigizaji wa Indy, alikuwa Terry Leonard, bingwa wa michezo ya hatari, na barabara ilichimbwa mfereji katikati ili mwili wake upate pa kupita. Mtazamaji haoni mfereji. Anachoona ni vumbi, chuma, na mgongo unaosugua ardhi. Steven Spielberg, aliyeongoza, na Michael Kahn, aliyehariri, hawakukata picha mpaka jicho liwe limeelewa mambo matatu: mkono umeshika nini, kile kilichoshikwa kina nguvu kiasi gani, na kikikatika mtu ataangukia wapi.

Anayekaa hapa Kisangani hahitaji kufundishwa hesabu hiyo. Anayebebwa nyuma ya baiskeli ya toleka anajua inapoingia kwenye kona yenye mchanga uzito wake unahamia wapi. Aliyesimama kwenye maporomoko ya Wagenia akamwona mvuvi akishuka kwenye miti iliyofungwa kwa kamba, akiuendea mtego wake mkubwa huku maji yakivuma chini ya nyayo, anajua kwa nini mtu anaacha kupumua kabla hata jambo halijatokea. Jicho linapima: mti huu utambeba?

Kwa kipimo hicho niliifungua filamu ya tano, iliyotoka mwaka 2023, ile ambayo huku kwetu inafika kwa Kifaransa kwa jina la *Indiana Jones et le Cadran de la destinée*. Nilikuwa nimeingoja kwa moyo mweupe. Filamu ya nne, ya 2008, ilikuwa imeniumiza, kwa ile friji iliyorushwa na mlipuko wa bomu la nyuklia ikiwa na mtu ndani, akatoka mzima akajikung'uta vumbi. Nilitaka hii iwe tiba.

Tazama mbio za Tangier. Indy, Helena, binti yake wa ubatizo, na kijana Teddy wamo kwenye bajaji, wanafukuzwa vichochoroni. Magari yanagongana, watu wanaruka kutoka chombo hiki hadi kingine, muziki wa John Williams unapanda na kushuka. Nimezitazama mara tatu, na mara zote tatu sikuweza kusema ni wakati gani hasa mmoja wao alikuwa karibu kuanguka. Kila mkato unakuja kabla jicho halijamaliza kupima. Bajaji inageuka, lakini hatuioni ikilemea upande. Mzee wa miaka zaidi ya sabini anaruka, na anapotua magoti hayasemi kitu. Mwisho wa mbio hizo hakuna aliyechubuka kiasi cha kukumbukwa katika tukio linalofuata.

Wengi husema kosa ni kompyuta, kwamba zamani walikwenda mahali penyewe na sasa wanachora. Sikubaliani, na ushahidi wangu uko hapa jirani. Mwaka 1951 John Huston alimleta Humphrey Bogart na Katharine Hepburn kwenye mto Ruiki, upande wa Ubundu, juu ya mji huu uliokuwa ukiitwa Stanleyville, kupiga *The African Queen*. Ni ukoo mmoja na Indy: Bogart yuleyule, chini ya Huston yuleyule, katika *The Treasure of the Sierra Madre* ya 1948, ni mmoja wa watu ambao Indiana Jones aliumbwa kwa mfano wao. Sasa, tukio linalokumbukwa kuliko yote katika *The African Queen* ni lile la ruba. Bogart anatoka majini akiwa amegandwa na ruba mwili mzima, anatetemeka kwa kinyaa, ruba wanamwagiwa chumvi. Tukio hilo halikupigwa Ruiki, lilipigwa Uingereza, ndani ya tangi la maji. Na bado ngozi inasisimka, kwa sababu ya kinachofuata: mashua imekwama, hakuna wa kuivuta ila yeye, na kamera inabaki usoni pake wakati anapoelewa kwamba lazima arudi mle mle majini. Kisha anarudi.

Kwa upande wa pili, Tangier ya 2023 ilipigwa katika mitaa halisi ya Fez, nchini Morocco. Mawe ni ya kweli, kuta ni za kweli. Uzito hakuna.

Basi suala si mahali wala kompyuta, ni deni la maumivu. Katika filamu ya 1981, Indy anapigwa risasi mkononi akiwa ndani ya lori, na adui anampiga ngumi palepale penye jeraha. Deni limeandikwa. Baadaye, katika chumba kidogo cha meli, Marion, mpenzi wake, anajaribu kumuuguza, kila anapogusa panauma, na anauliza kwa hasira ni wapi basi pasipouma. Indy anaonyesha kiwiko, na busu linakwenda hapo. Mapenzi yale yametoka moja kwa moja kwenye lori. Bila mgongo ule uliosuguliwa, kiwiko kile kisingekuwa na maana.

Filamu ya tano inajua hili, ndiyo maana inalirudia tukio hilo mwishoni, Harrison Ford na Karen Allen, yule Marion, wakiwa wazee. Sitadanganya: nililengwa na machozi. Ni chumba kimoja, sura mbili, kamera imetulia. Lakini maumivu wanayotibiana yametoka wapi? Mtoto wao amekufa vitani Vietnam. Jambo zito kuliko yote katika mfululizo mzima, nalo tunalisikia kwa sentensi chache juu ya mashua, usiku. Ford anazisema vizuri sana. Ila filamu hii ya dakika 154 imetumia sehemu yake ya kwanza nzima, ile ya mwaka 1944, kumvisha uso wa ujana kwa kompyuta, huku sauti yake ya asili ya Kiingereza ikibaki ya mzee. Muda uliohitajika kumlilia mtoto umetumika kuficha makunyanzi ya baba.

Na kuna mkato mmoja ambao sitausamehe. Indy amevuka wakati akafika Sirakusa ya kale, amekutana na Archimedes uso kwa uso. Amejeruhiwa, na anaomba aachwe afie katika historia aliyoisomesha maisha yake yote. Ni ombi kubwa, na uso wake unastahimili ukubwa huo. Helena anampiga ngumi. Giza. Anaamka kitandani New York. Uamuzi mkubwa wa maisha yake umefanywa na ngumi ya mtu mwingine na mkasi wa mhariri. Katika filamu ya 1989, juu ya ufa wa ardhi, vidole vyake vilikuwa vimekigusa kikombe kitakatifu. Baba yake akamwita kwa jina ambalo hakuwahi kumwita, akamwambia aachane nacho. Tuliuona uso ukisita, tukauona mkono ukiacha. James Mangold, mwongozaji wa filamu ya tano, alikuwa na mwigizaji yuleyule, mwenye miaka mingi zaidi ya kuacha mambo, akamnyima kusita.

Ukipata umeme saa mbili usiku leo, iache hiyo ya 2023. Weka ile ya 1981, ina dakika 115 tu, na lori linapotokea usitazame Indy. Tazama nembo.