Mstari Ulioimbwa "La"

Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi katika Wilaya ya Mbulu, na kwaya ya shule niliifundisha mwenyewe, kwani noti za solfa ndilo somo nililotoka nalo chuo cha ualimu nikiwa na hakika nalo. Taipureta ya ofisini haikuwa na kitufe cha mstari wa wima. Nilipochapa wimbo wa mashindano kwenye stensili, mahali pa mstari wa kipimo nilipiga herufi kubwa I, nikaona nimepata ufumbuzi. Msomaji anayejua solfa ameshacheka: "la" huandikwa kwa herufi ndogo l. Karatasi zilipotoka kwenye mashine ya kudurufu, wino ukiwa umevuja, I na l zilikuwa mapacha. Nilikuwa nimewafundisha wimbo kwa haraka, wakautegemea mno ule ukurasa. Mbele ya waamuzi, sauti ya pili, watoto watiifu wa darasa la sita, waliimba "la" mahali pasipo na noti yoyote. Tulishika mkia. Niliwagombeza njia nzima ya kurudi, na sikuwaambia kamwe kwamba kosa lilikuwa langu.

Kisa hicho kimerudi baada ya kijana mmoja, mwalimu wa kwaya kutoka Katesh, kunijia na kompyuta yake ndogo. Ninalo daftari la nyimbo za rafiki yangu marehemu, naye alikuwa mwalimu. Nyimbo nyingine alizitunga juu ya sauti za Wairaqw alizozisikia harusini. Nakala ya pili haipo. Kijana anataka kuliingiza daftari zima kwenye programu za muziki kabla panya hawajalimaliza, nami nimekubali. Lakini tumebishana juu ya alama za mistari, wala si ubishi mdogo.

Solfa tunayoitumia iliwekwa sawa na mchungaji Mwingereza, John Curwen (1816–1880), aliyeijenga juu ya kazi ya mwalimu mwanamke wa Norwich, Sarah Glover. Wamisionari waliisambaza Afrika nzima. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule, aliyetunga mwaka 1897 wimbo ambao sauti yake ndiyo ya wimbo wetu wa taifa, alikuwa mtu wa solfa. Katika maandishi hayo mstari haugawi tu, unaamuru. Mstari mrefu husema pigo linalofuata ni zito. Mstari mfupi, katikati ya kipimo cha mapigo manne, husema uzito wa kadiri. Nukta mbili husema pigo jepesi. Nukta moja hugawa pigo nusu kwa nusu. Pigo likiachwa tupu, hapo ni kimya.

Sasa tazama alama za hizo programu. Ya kwanza aliyonionyesha hufuata maandishi yaitwayo ABC, aliyoyabuni Chris Walshaw, Mwingereza. Nayasifu kwa jambo moja: yote huandikwa kwa herufi za kawaida, hata kwa simu. Mstari ni |, mstari wa kufunga ni |], na |: maana yake anza kurudia hapa. Kijana alibadili noti za rafiki yangu kuwa herufi za ABC, lakini kipimo kilichoanza kwa kimya alikiacha na nukta mbili zake kama zilivyo daftarini. ABC hutaka kimya kiandikwe z. Basi mashine ikasoma |: na ikaturudishia beti zima. Mtunzi alisema "nyamaza", mashine ikasema "rudia".

Programu ya pili ni LilyPond, iliyoanza mwaka 1996. Hiyo naiona ya watu makini. Tangu toleo la 2.18, mwaka 2013, mwanzo wa marudio huandikwa .|: badala ya |: ya zamani, kwa sababu nukta husimama badala ya mstari mnene na alama huandikwa kama itakavyochorwa. Ni hoja safi kwa noti za mistari mitano. Kwa mtu wa solfa, nukta ni nusu pigo. Alama ya mshangao, ambayo baadhi yetu tuliitumia kwenye taipureta kuwa mstari mfupi, kule ni mstari wa vipande vipande. Siwalaumu, hawakuwa wakituandikia sisi. Namlaumu anayezichukua alama hizo na kuzipandikiza kwenye solfa bila kuuliza kama zina kazi nyingine nyumbani.

Kinachoniuma zaidi ni mstari mfupi. Kijana aliandika | kwa yote miwili, mrefu na mfupi. "Mwalimu," aliniambia, "siku hizi hakuna anayeuangalia." Tuliujaribu wimbo mmoja wa kubembeleza mtoto, wa mapigo manne. Mistari yote ikiwa sawa, kila pigo la pili likawa zito. Waimbaji wake wakaupiga kama gwaride. Nilimwomba arudishe mistari mifupi. Wakaimba tena, na mtoto angeweza kulala.

Kwa hiyo nyumbani kwangu tumekata hivi: | kwa mstari mrefu, ! kwa mfupi, || mwishoni, na marudio yaandikwe kwa neno zima, Rudia. Herufi iwe ya aina ambayo l ina mkia, na kila herufi ichukue nafasi sawa na mwenzake ili sauti nne zisimame wima. Nakala ya noti za mistari mitano aitengeneze baadaye, kwa alama za huko.

Tumefika wimbo wa kumi na saba, na hapo tumekwama. Marehemu aliandika l yake kwa mkwaruzo mmoja tu, bila mkia, na wino umefifia. Katika kipimo cha tatu cha besi kuna mkwaruzo mfupi. Kijana anasema ni "la". Mimi nasema ni mstari mfupi, ingawa, nikikumbuka mwaka 1984, sauti yangu haina nguvu sana. Tumeacha nafasi hiyo wazi na kuizungushia penseli, mpaka tumpate mzee yeyote wa kwaya ile ya zamani anayekumbuka walivyoimba.